Tiba ya mazungumzo isisubiri kijana aanguke

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wazazi wasisubiri hali ya kijana iharibike ndipo wamtafutie mtaalamu wa saikolojia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na wengi hawatambuliwi wala kutibiwa.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni vijana wakimbiaji, kwa sababu nidhamu yao huficha maradhi. Mbio huchangamsha moyo, hilo silipingi. Lakini kijana anayekimbia licha ya jeraha, anayejinyima chakula ili awe mwepesi, au anayejiona hana thamani siku asiyofanya mazoezi, anahitaji msaada, si pongezi. Katika tiba ya utambuzi na tabia, aina ya tiba ya mazungumzo iliyoasisiwa na daktari wa magonjwa ya akili Mmarekani, Aaron Beck, miaka ya 1960, mtaalamu humsaidia kuyapima mawazo hayo kwa ushahidi badala ya kumhubiria.

Mzazi naye ahudhurie baadhi ya vikao, ila asidai kusimuliwa kila neno lililosemwa faraghani, maana kijana asiye na hakika kwamba siri yake itatunzwa hatalisema linalomuumiza.

Ni mimi msomaji wako.