Kujikaza hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongeze neno kwenye makala yenu ya afya kuhusu watu wanaokwenda haja ndogo kila mara. Mwandishi amewashauri wapunguze maji na wajikaze. Mimi ni mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka 63, na habari za kujikaza nimezihubiri sana. Mtoto aliyetoka kipindi kilichopita sikumruhusu kutoka tena. Mvulana mmoja alijilowesha mbele ya wenzake, nami nikamwita mvivu.

Sasa ninabanwa mimi. Usiku naamka mara nne, nakimbia, na kinachotoka hakijazi kikombe cha kahawa.

Baada ya kunipima sukari na maambukizi, daktari aliniagiza nipime mkojo kwa jagi na kuandika kila safari daftarini. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 600. Mimi nilikuwa nakurupuka kwa 90! Kumbe hakijajaa, kinadai tu kimejaa.

Nikaanza kusoma. Kwenye ukuta wa kibofu zimo ncha za neva za hisia zenye protini ziitwazo vipokezi. Kimojawapo, PIEZO2, hufunguka ukuta unapotanuka, na habari husafiri kupitia uti wa mgongo hadi kwenye ubongo. Utafiti wa mwaka 2020 ulieleza watu waliozaliwa na PIEZO2 isiyofanya kazi: wapo wanaokwenda chooni kwa kutazama saa, maana hawahisi kubanwa, na wapo wanaobonyeza tumbo ndipo mkojo utoke. Watu hao hata ukiwaambia wajikaze, watakaza nini?

Kipo kingine, P2X3. Utando wa ndani wa kibofu ukitanuka humwaga kemikali iitwayo ATP, na kipokezi hiki huidaka. Panya walioondolewa P2X3 hukojoa kwa nadra. Tena kipo TRPV1, kipokezi kilekile kinachotufanya tuhisi ukali wa pilipili mdomoni. David Julius alikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 akatunukiwa Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, ambaye maabara yake ndiyo iliyogundua PIEZO. Madaktari wamewahi kutia kiini cha pilipili ndani ya vibofu vya wagonjwa ili kuzinyamazisha neva zenye kelele. (Nilipomsomea mume wangu sehemu hiyo, aliinuka akatoka chumbani.)

Ushauri wa kupunguza maji niliufuata miezi miwili. Mkojo ukawa mzito, wa rangi ya chai, na kubanwa kukazidi, kwani mkojo wa namna hiyo huweza kukichokoza kibofu. Kilichonisaidia ni kuahirisha safari kidogo kidogo: dakika 10 wiki hii, 15 wiki ijayo. Mwanzo nilikuwa nakwenda chooni kila baada ya dakika 45, leo nakaa muda wa saa mbili. Mwandishi wenu atasema huko ndiko kujikaza. Hapana. Nilipimwa kwanza, nikapewa ratiba, na hakuna aliyenicheka nilipochelewa mlango.

Naomba safu yenu irekebishe ule ushauri wa maji, na iwaambie wasomaji waanze kwa kupimwa. Tena mlichapishe hili mapema. Walimu wenzangu bado wanashikilia funguo za vyoo.

Mwalimu mstaafu