Mhariri, sio kila utafiti uishie na "wananchi waelimishwe"

Mhariri habari ya kazi na poleni na majukumu. Naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua kuhusu ile habari yenu ya utafiti wa afya, ile iliyosema wananchi wengi bado wana mtazamo hasi juu ya chanjo na wanachelewa kufika hospitali, alafu mwisho kabisa mtafiti akapendekeza wananchi waelimishwe. Mimi ni nesi, nipo wodi ya wanaume hospitali moja huku Kanda ya Ziwa, sina ugomvi na mtafiti wala mwandishi wenu, ila hilo pendekezo nalisoma tangu niko chuo na halijabadilika hata nukta, ugonjwa ndo unabadilika jina tu, juzi Ukimwi, jana kipindupindu, leo Korona na Marburg, ile homa kali ya virusi ya jamii ya Ebola.

Kwa ambao hawajawahi kuhojiwa nieleze kidogo, maana tafiti nyingi za aina hii tunazifanya sisi wenyewe manesi tukiwa tunasoma digrii. Unatengeneza dodoso lenye sehemu tatu, uelewa, mtazamo na utendaji, unaenda nalo wodini, unamkuta mzee kalala na dripu mkononi unamuuliza je unakubali kwamba chanjo ni salama, nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, unaweka tiki unahamia kitanda kingine. Sasa jiulize, huyo mzee anaulizwa na mtu aliyevaa yunifomu, mtu huyohuyo ambaye baadae kidogo ndo atamchoma sindano, ukimuuliza kama huduma ya manesi inamridhisha unategemea akujibu nini? Atasema nzuri sana sista, Mungu awabariki. Ukweli anaenda kumsimulia bodaboda getini siku akiruhusiwa.

Chukulia 2021. Chanjo ya Korona ilizinduliwa Julai 28 Ikulu Dar es Salaam, Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, dozi zaidi ya milioni moja za Janssen zikaingia nchini, na watu hawakuja kwa wingi. Ikaandikwa watu hawana elimu. Elimu ipi jamani? Watu haohao Juni 2020 walitangaziwa kwamba nchi haina tena Korona, takwimu zikiwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, Januari 2021 wakaambiwa chanjo za nje sio za kukimbilia, watu wakajifukiza nyungu mpaka macho mekundu, alafu miezi sita baadae wanaambiwa haya njooni mchanje. Mtu akisita hapo sio mjinga, huyo kasikiliza taarifa zote vizuri sana.

Na swali tulilokuwa tunaulizwa kituoni halikuwa chanjo inafanyaje kazi. Mtu anakaa kwenye kiti, anashusha shati bega moja, kabla hujafungua bomba anakuangalia usoni, "sista, na wewe umechoma?" Ukimwambia ndio, bega hili la kushoto, na ukamwambia kabisa kwamba usiku homa ilikuja na mwili uliuma, anakupa mkono. Ukibabaika anapandisha shati anaondoka, na wapo wenzetu walikuwa wanababaika kweli maana hata sisi watumishi tulikuwa tumesikia yaleyale redioni. Hilo swali sijaliona kwenye dodoso lolote nililowahi kujaza wala kujazisha. Na idadi ilikuja kupanda pale chanjo ilipotoka kwenye majengo ikawafuata watu majumbani na kwenye minada, wakachomwa na mtu wanayemjua, sio pale mabango yalipoongezeka.

Utafiti niliowahi kuupenda ni uliofanyika kwa wenzetu wa Kongo, miji ya Beni na Butembo, huko ambako ukiingia sokoni na Kiswahili chako unanunua na chenji unarudishiwa. Septemba 2018 Ebola ikiwa imepamba moto walihojiwa watu wazima 961, na asilimia 25.5 wakasema Ebola haipo kabisa. Ukiishia hapo utaandika waelimishwe. Ila wale watafiti waliuliza pia kama mtu anaamini viongozi wa eneo lake wanatetea maslahi yake, waliosema ndio wakawa asilimia 31.9 tu, na wasio na imani ndo haohao waliokuwa wagumu kukubali chanjo na kwenda kutibiwa. Watu wa kule wameuawa na makundi ya silaha miaka na miaka bila msaada wa kueleweka, alafu ghafla misafara ya magari inaingia kwa ajili ya ugonjwa mmoja, wewe ungewaza nini? Mlipuko ule ulitangazwa kuisha Juni 2020 ukiwa umeondoka na watu zaidi ya 2,200.

Nirudi wodini kwangu maana hapa ndo panaponiuma zaidi. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili asipate vidonda vya mgongoni na nyongani. Hakuna nesi asiyejua, mpe dodoso apate mia kwa mia. Sasa usiku mko wawili, vitanda vimejaa wengine wako chini kwenye magodoro, huyu dripu imetoka, yule kabadilika ghafla anahitaji oksijeni, mwingine kafariki inabidi aandaliwe na ndugu wapigiwe simu, na wa kiharusi wako watano. Kumgeuza mwanaume mzima mwenye uzito ni kazi ya watu wawili, mmoja mabegani mmoja nyongani, shuka linavutwa, mto unaingizwa mgongoni, unaangalia ngozi kama imeanza kuwa nyekundu, ndo unaenda kwa anayefuata. Piga hesabu mwenyewe. Bas ndugu aliyelala chini ya kitanda anafundishwa fasta namna ya kugeuza, na chati inakuja kujazwa asubuhi kabla matroni hajapita. Alafu anakuja mtafiti anahitimisha kwamba manesi wana uelewa mzuri lakini utendaji wao ni hafifu, wapewe semina. Ni kumpeleka dereva semina ya usalama barabarani wakati daladala haina breki!

Na tafiti za kuhesabu manesi zipo, tena kubwa, ni vile tu hazipati kichwa cha habari. Linda Aiken, nesi na mtafiti wa Marekani, pamoja na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, wagonjwa wa upasuaji 422,730, wakakuta kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa nesi anapandisha uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 kwa asilimia 7. Mgonjwa mmoja tu huyo. Jimbo la Queensland kule Australia mwaka 2016 likaweka sheria kwa baadhi ya hospitali zake za umma, nesi mmoja kwa wagonjwa wanne mchana na saba usiku, wakafuatilia wakaona vifo vimepungua, na pesa iliyookolewa kwa wagonjwa kukaa siku chache na kutorudirudi ikazidi mara mbili ya gharama ya kuajiri. Na mtu asiniambie hayo ni ya wazungu, hapo Nairobi watafiti walikaa kwenye wodi za watoto wachanga wakiangalia kwa macho yao nini kinafanyika na nini kinarukwa, hawakumpa mtu karatasi ya kutiki, na vilivyorukwa vilikuwa vingi.

Hata huyu Florence Nightingale tunayemuwashia mishumaa kila Mei 12, alipofika hospitali ya jeshi la Uingereza pale Scutari, Uturuki, mwaka 1854 wakati wa vita akakuta askari wanakufa kwa magonjwa kuliko kwa majeraha, hakuwagawia dodoso la mtazamo wao kuhusu usafi. Alihesabu maiti. Mitaro ya maji machafu iliposafishwa na hewa ikaruhusiwa kuingia vifo vikashuka, yeye akazichora zile namba mpaka wakubwa wa London wakaelewa bila kutaka.

Huku kwetu Kagera Marburg imetupiga mara mbili. Machi 2023 Bukoba Vijijini, wagonjwa 9, wakafariki 6, mmoja wao mtumishi wa afya. Januari 2025 ikaibukia Biharamulo, watu 10 na wote wakafariki ukijumlisha waliothibitishwa na waliohesabiwa kwa dalili. Mimi ningependa kusoma utafiti unaouliza yule nesi wa zahanati aliyempokea mgonjwa wa kwanza mwenye homa na kutapika alikuwa na glavu ngapi kwenye boksi, maji yalikuwa yanatoka, na alikuwa na namba ya nani ya kupiga saa nane usiku. Mtazamo wa wanakijiji upimwe sawa, sikatai, lakini upimwe na huo mlango wanaoambiwa waukimbilie.

Kwahiyo mhariri mkiletewa utafiti mwingine wenye pendekezo la kuelimisha, naomba mwandishi wenu amuulize mtafiti vitu viwili tu kabla ya kuandika: zamu ya usiku walikuwepo manesi wangapi kwa wagonjwa wangapi, na je wale waliohojiwa walirudishiwa majibu. Maana hata wodini kwetu tulijazishwa dodoso mwaka juzi, tukaahidiwa matokeo, mpaka leo kimya. Mwenye nalo akisoma hapa alete hata ukurasa mmoja, tutaubandika chumba cha manesi pale juu ya ratiba ya zamu.

Nesi wa zamu,
Kanda ya Ziwa