Risala ya Kikundi cha Matengenezo ya Barabara kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa vijiji, viongozi wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru sana Mgeni Rasmi kwa kuacha majukumu yako mengi na kuja kwetu, na zaidi kwa kuja kwa kupita darajani. Wageni waliotangulia walipitishwa njia ya juu, kwa hiyo daraja walilisikia tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza na wanachama 15, leo tuko 22, wanawake wakiwa 13. Kazi yetu ni kufyeka kando ya barabara, kuzibua mitaro na kusafisha makalavati. Mafanikio ni makubwa. Tumezibua makalavati yote 11 ya barabara hii, tumefufua mitaro ya kilomita 6 na tumenunua matoroli 4 kwa fedha zetu wenyewe. Msimu uliopita hakuna kalavati hata moja lililofurika.

Baada ya hayo tunaomba utusikilize kuhusu daraja.

Daraja letu lina urefu wa mita 12, boriti 4 za chuma, sakafu ya zege na kuta mbili za mawe zilizobeba boriti hizo. Wazee wetu wanakumbuka likijengwa kabla ya Azimio la Arusha. Hatulalamikii umri wake. Daraja la zamani la Wami kwenye barabara ya Chalinze hadi Segera lilijengwa mwaka 1959, la njia moja, na likabeba mabasi na malori hadi daraja jipya lilipoanza kutumika mwaka 2022. Daraja likitunzwa, linazeeka vizuri. La kwetu linaliwa miguuni, na aliye juu ya sakafu haoni kitu.

Ukishuka mtoni utaona kwamba chini ya msingi wa ukuta wa upande wa shule maji yamechimba pango la urefu wa mita 5, linaloingia ndani sentimita 60, na mtu mzima anaingiza mkono hadi begani bila kugusa udongo. Sababu ni tatu, na zinasaidiana. Kwanza, mchanga unachotwa mita chache kutoka darajani, upande maji yanakoelekea, na mto ukitafuta usawa wake unakula kitanda chake kurudi juu hadi kwenye msingi. Pili, magogo yananasa kwenye boriti, maji yanabanwa na kupita kwa kasi pembeni, karibu na ukuta. Tatu, matundu ya kutolea maji ukutani yameziba, hivyo mvua ikinyesha udongo wa nyuma unalowa, unakuwa mzito na kuusukuma ukuta kuelekea mtoni. Hilo la tatu ni kazi yetu na tumeshaanza kuyazibua. Mawili ya kwanza yanahitaji mamlaka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwenye ufa mkubwa wa ukuta huo fundi wetu alibandika kipande cha saruji chembamba kama chapati, akakiandika tarehe. Saruji ya namna hiyo haivutiki, ufa ukisogea hata kidogo inakatika. Kilibandikwa mwanzoni mwa masika na kabla mvua hazijaisha kilikuwa kimekatika katikati. Tukabandika cha pili, nacho kimekatika. Hiyo maana yake ukuta unatembea. Boriti ya pembeni nayo, ukiigonga kwa nyundo, kutu inadondoka kwa magamba, kwa sababu sakafu imepasuka juu yake na maji yanaitiririkia kila mvua.

Tunajua jambo hili linaishia wapi. Machi 2020 maji yalilisomba daraja la Kiyegeya, na barabara ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengana na Dar es Salaam. Hizo ni barabara kuu, na mitambo ilikwenda haraka. Kwetu mitambo haitakuja haraka, na watoto wa shule watavuka kwa miguu.

Kwa heshima kubwa tunaomba turuhusiwe kukumbusha kwamba daraja hili limeahidiwa mara tatu. Mara ya kwanza wataalamu walipima wakaondoka na vipimo. Mara ya pili tuliambiwa lipo kwenye bajeti. Mara ya tatu tuliambiwa wananchi wachangie mawe, nasi tukachangia: tripu 9 za tipa, kila moja mita za ujazo 5. Mawe hayo yapo kando ya barabara na yameota majani. Akina mama walioyabeba bado wanatuuliza, na jibu hatuna.

Ndiyo maana hatuombi daraja jipya. Tunaomba vyandarua vya waya vya gabioni 24, yaani masanduku ya waya yanayojazwa mawe, vya mita 2 kwa 1 kwa 1. Kumi na mbili vitandikwe mbele ya kila ukuta, mita 8 kwa 3, juu ya kitambaa cha kuchujia ili udongo usichomoke katikati ya mawe. Mawe yanayotakiwa ni mita za ujazo 48, tunazo 45, tatu zilizobaki tutazileta. Tunaomba mifuko 30 ya saruji ya kujaza pango na kujenga ukuta mdogo wa kulinda msingi. Tunaomba mhandisi asimamie siku hizo, maana pango likijazwa kwa haraka bila kufikia udongo mgumu, maji yatazunguka na kuchimba nyuma yake. Tunaomba pia nguzo mbili za zege zinazoacha nafasi ya mita 2.3, gari la wagonjwa lipite na lori la tani 30 lirudi. Na uchotaji wa mchanga usogezwe mbali.

Kazi hiyo inawezekana kuanzia Juni hadi Novemba, mto ukiwa chini. Desemba ikiingia hatuwezi kukausha msingi, na mwaka mwingine utakuwa umepita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kutoka hapa hadi darajani ni mita 300. Tumechonga ngazi kwenye ukingo hadi chini, na kipande cha saruji kilichokatika hatujakiondoa. Kabla ya chakula tunaomba ushuke nasi ukione.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Kikundi, kwa niaba ya wanachama wote.