Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: Mwanangu sio "mengineyo"

Mheshimiwa Waziri, nakusalimu kwa heshima zote.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizileta ofisini kwako kwa utaratibu, nikajibiwa moja tu, mstari mmoja, kwamba suala langu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Ilikuwa mwaka jana. Nikakaa kimya nikasubiri, na ningeendelea kusubiri kama sio kilichotokea Jumanne iliyopita, ndo maana leo naandika mbele ya watu wote, na unisamehe maneno yakitoka makali, tangu siku hiyo usingizi sina.

Jumanne mwanangu wa miaka 11 alitolewa kwenye chumba cha mtihani. Hakuibia, hakuongea na mwenzie. Koo lake lilitoa ile sauti yake, shingo ikakata upande kama inavyokata kila siku, msimamizi akamwambia acha, akamwambia tena acha, mara ya tatu akamwambia chukua kalamu yako utoke. Alikuwa ameshafika swali la tisa. Aliponiona getini kitu cha kwanza kuniambia ni "mama nilijitahidi kuizuia". Hajalia, mimi ndo nililia.

Anachougua kinaitwa tiki, yani harakati au sauti zinazojirudia bila mtu kukusudia, na kwa kuwa ana za mwili na za sauti na zimepita mwaka mzima, jina lake kamili ni Tourette. Sio utundu. Yeye mwenyewe ananiambia kwanza anasikia kitu kinamtekenya shingoni, kinapanda kinapanda, mpaka afanye ile harakati ndo kinatulia, halafu baada ya muda kinaanza tena. Anaweza kuizuia kidogo, kama wewe unavyoweza kuzuia chafya au kupepesa macho, lakini jaribu kuzuia kupepesa macho huku unapiga hesabu za mtihani Mheshimiwa, uone akili inabaki na nafasi gani ya hesabu.

Ilianza akiwa na miaka sita, macho. Anapepesa, anapepesa, tukaenda kwa daktari wa macho akapewa miwani. Ikahamia puani, tukaambiwa aleji. Ikashuka kooni, tukaambiwa kikohozi. Ilipofika shingoni tukaambiwa kifafa, akameza dawa za kifafa miezi minane na kifafa hakuwa nacho. Ndugu wengine wakasema ana pepo aombewe, wengine wakasema namdekeza achapwe, kuna aliyesema ni simu. Mimi mwenyewe nilidhani minyoo. Miaka minne imepita hivyo, mtoto anazungushwa tu, mpaka tukampata daktari mmoja aliyemtazama robo saa bila kuongea, akaniambia jina la ugonjwa.

Sasa hapa ndo naomba unisikilize kuliko pote. Yule daktari alipomaliza kuandika faili akavuta fomu ya mwisho wa mwezi, ile inayopanda mpaka wizarani, akatafuta mstari wa kumweka mwanangu. Kuna mstari wa kifafa, kuna wa msongo wa mawazo, kuna wa ulevi. Wa tiki hakuna. Akanionyesha kabisa, akasema mama sina pa kumwandika, akamwandika kwenye "mengineyo". Kwa hiyo ukiulizwa leo nchi nzima ina watoto wangapi wa namna hii utajibu hatuna takwimu, na utakuwa unasema kweli, kwa sababu fomu yako yenyewe haiwaulizi. Takwimu hakuna kwa kuwa utafiti haujafanyika, utafiti haupewi hela kwa kuwa takwimu hakuna. Tunazunguka hapo hapo na watoto wanakua.

Nchi zilizohesabu zimeona watoto kama watatu mpaka wanane kwa kila 1,000 wa umri wa shule wana Tourette, hapo bado hujaweka wale wenye tiki za miezi michache zinazoondoka zenyewe, ambao ni wengi zaidi. Kwa hiyo shule yoyote kubwa ina kama mwanangu kadhaa, wamekaa nyuma ya darasa wameziba mdomo na sweta. Na huu sio ugonjwa wa juzi, daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette aliandika habari za wagonjwa tisa mwaka 1885. Elfu moja mia nane themanini na tano!

Naambiwa "atakua, zitaisha". Ni kweli wengi zinapungua wakielekea utu uzima. Lakini makali yake yanafika kileleni kati ya miaka 10 na 12, yani umri huu huu alionao sasa, umri wa mitihani, umri ambao mtoto anajifunza kama wenzie wanampenda au wanamcheka. Zikija kuisha akiwa na miaka 18 shule aliyoikosa nani atamrudishia? Na wengi wao hawana tiki peke yake, kuna kushindwa kutulia na kukaza umakini, kuna mawazo yanayojirudia rudia mpaka mtoto aguse mlango mara nne ndo apite. Wangu anayo yote.

Dawa aliyopewa ni haloperidoli, ilitengenezwa mwaka 1958. Shingo ilipungua, sikatai, lakini mtoto alilala darasani, akanenepa, mwili ukakakamaa, tukaacha. Halafu nikaja kusoma kumbe kuna tiba bila kidonge, mtoto anafundishwa kuutambua ule mtekenyo na kuujibu kwa harakati nyingine. Marekani waliijaribu kwa watoto 126 wa miaka 9 mpaka 17, matokeo yakatoka 2010, kwa wiki kumi tu zaidi ya nusu ya waliofundishwa walipata nafuu ya kuonekana, wenzao ambao hawakufundishwa hivyo hawakufika hata robo. Uingereza wakaenda mbele, 2021 wakatoa matokeo ya watoto 224 waliotibiwa kwa njia ya intaneti wakiwa nyumbani na wazazi wao, na ikasaidia. Huo wa Uingereza ulilipwa na hela ya umma ya utafiti wa afya. Kumbe inawezekana. Hapa kwetu nani ameijaribu? Nimeuliza hospitali tatu, nimekosa hata mtu mmoja aliyewahi kufundishwa kuitoa.

Kwa nini hamtoi hela, mimi nadhani ni kwa sababu haiui. Labda pia kwa sababu watu wanaijua kama ugonjwa wa kutukana, wakati wanaotamka matusi bila kukusudia ni wachache, kama mmoja kati ya kumi hivi. Sijui. Ila najua uliposimama kwenye ule mkutano wa wazazi ukasema mfuko wa utafiti wa afya ya akili ya watoto utagusa kila ugonjwa, nilikuwa mstari wa tatu na nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Tangazo la mfuko lilipotoka nililisoma lote mara mbili. Neno tiki halimo. Tourette halimo.

Sikuombi hospitali mpya Mheshimiwa. Nilikuwa nimepanga kuomba mengi, mafunzo ya walimu, wataalamu, barua ya kumpa mwanangu muda wa ziada na chumba chake kwenye mtihani, na yote bado nayataka. Ila kama ni moja tu, basi wahesabuni. Weka mstari kwenye ile fomu, na kwenye mfuko tenga fungu la kuwatafuta mashuleni tujue wako wangapi na wanatibiwa nini. Wahesabuni tu, hayo mengine tutakuja kuyadai tukiwa na namba mkononi.

Mtihani wa marudio ni wiki tatu zijazo na bado sijaambiwa kama ataruhusiwa kuingia. Namba yangu ya simu iko kwenye barua zote tatu.

Mama wa mtoto wa miaka 11