Fedha za mlango wa nyuma nazo ni mshahara

Mhariri,

Mjadala kuhusu mapato ya wanaspoti umepamba moto, na wapo wanaoshikilia kwamba mchezaji ana haki ya kulipwa na yeyote anayetaka kumlipa, kwa hivyo kikomo cha mishahara ni kumnyima mtu jasho lake. Mimi ni Mkenya, mhasibu, ninaishi Exeter kusini-magharibi mwa Uingereza na ni shabiki wa raga tangu shule ya upili. Naomba nafasi niwajibu, maana watu wa mji huu wameonja matokeo ya fikra hiyo.

Kwanza kikomo chenyewe. Raga iliruhusu wachezaji kulipwa rasmi mwaka 1995, matajiri wakaingia na kumwaga fedha bila kipimo. Kufikia 1999 klabu mbili za London, Richmond na London Scottish, zilikuwa zimefilisika. Mwaka huo huo Ligi Kuu ya Uingereza ikaweka kikomo: kila klabu itumie kiasi fulani kuwalipa wachezaji wake, isizidishe. Msimu wa 2018-19 kiasi hicho kilikuwa pauni milioni 7, na juu yake kila klabu iliruhusiwa kuwa na wachezaji wawili ambao malipo yao hayahesabiwi kabisa.

Hapo ndipo wanaozungumzia jasho la nyota hukosea. Hakuna mchezaji aliyewekewa kikomo yeye binafsi. Klabu ikimtaka mtu kwa fedha nyingi, imlipe waziwazi, kisha ipunguze kwingine. Kinachokatazwa ni kumlipa huyu fedha nyingi, na yule, na wa tatu, halafu kuwaambia wenzako kwamba umetumia kama wao.

Saracens ya kaskazini mwa London ilipatikana na hatia ya hilo. Novemba 2019 jopo lililoongozwa na Lord Dyson, jaji mstaafu, liliamua kwamba klabu hiyo ilikuwa imevunja kikomo misimu mitatu mfululizo, kuanzia 2016-17 hadi 2018-19. Ilipigwa faini ya zaidi ya pauni milioni 5.3 na kupokonywa alama 35. Januari 2020, iliposhindwa kuonyesha kwamba msimu uliokuwa ukiendelea ungezingatia kikomo, adhabu ikaongezwa hadi alama 105 na ikashushwa daraja.

Fedha hazikupita katika bahasha. Mwenye klabu, Nigel Wray, alikuwa ameingia ubia na baadhi ya wachezaji nyota katika kampuni, zikiwemo za kununua nyumba. Yeye alitoa mtaji, mchezaji akamiliki hisa. Katika mfano mwingine, hisa za kampuni yenye haki za picha za mchezaji mmoja zilinunuliwa kwa bei iliyopita thamani yake, na jopo likaihesabu ziada hiyo kuwa mshahara. Jopo lilisema klabu haikukusudia kuvunja kanuni, ila ilizembea vibaya. Na haya hayakuwa yamewekwa mezani kwa msimamizi wa kikomo ili ayapime kabla.

Utetezi wa Wray ulikuwa kwamba aliwekeza pamoja na vijana ili wawe na maisha baada ya raga. Siibezi hoja hiyo. Raga huvunja mabega na shingo, na kuna wanaostaafu kabla ya kutimiza miaka 30 wakiwa na vichwa vilivyogongwa mara nyingi mno. Lakini mhasibu akiona fedha zinatoka kwa mwajiri kwenda kwa mwajiriwa, anajiuliza swali moja: je, mtu huyu angezipata kama hangekuwa mwajiriwa wake? Tajiri akimwambia mpishi wake kwamba mshahara ni ule ule ila karo ya watoto atalipa yeye, mpishi huyo anajua vizuri kwamba ameongezwa mshahara. Mtaji wa nyumba ni hivyo hivyo. Na kama nia ni kuwatunza wachezaji wanapostaafu, mbona ubia haukumfikia kijana wa akiba anayecheza mechi nne kwa msimu? Huyo ndiye anayestaafu bila akiba.

Kwangu, dhuluma iko hapo hasa. Fedha zikitoka nje ya kikomo, anayeumia si tajiri wa klabu pinzani, ni mchezaji wa kawaida. Kuna kijana aliyewahi kupanga chumba nyumbani kwetu, mchezaji wa safu ya mbele, mwenye shingo pana kama paja langu na adabu za mtoto wa mchungaji. Jioni alikaa jikoni ameweka mfuko wa njegere zilizogandishwa juu ya goti, akisoma barua ya klabu yake, ambayo sitaitaja. Barua ilisema kiwango chake kinaridhisha, ila bajeti ya mishahara imejaa, kwa hivyo mkataba wake hautaongezwa. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama kuna kosa lolote la hesabu ambalo ningeweza kuliona. Halikuwepo. Klabu yake ilikuwa imefika kikomo na ikakiheshimu. Ndivyo kanuni inavyouma inapofuatwa: mtu halisi anafungasha virago. Sasa mwambie kijana huyo kwamba klabu nyingine imebaki na nyota wake wote kwa sababu sehemu ya malipo yao iliandikwa katika daftari la kampuni ya nyumba.

Msimu wa 2018-19 Saracens ilivuka kikomo kwa takriban pauni 900,000. Katika raga, ambayo haina fedha za kandanda, hizo ni mishahara ya wachezaji kadhaa wa kutegemewa. Juni 1, 2019 wetu wa Exeter walikutana nao katika fainali uwanjani Twickenham. Nic White alitufungia trai kabla ya dakika moja kwisha, na katika kipindi cha pili tulikuwa mbele kwa alama 11. Kisha benchi letu likachoka na lao halikuchoka. Tukalala 37-34. Siwezi kusema kwamba tungeshinda kama hesabu zingekuwa safi, wala siwadharau wachezaji wa Saracens, ambao walikuwa hodari kupita kiasi na wengi wao walilelewa na klabu hiyo tangu wakiwa vijana. Ninachosema ni kwamba dakika 20 za mwisho za fainali huamuliwa na upana wa kikosi, na upana wa kikosi ndicho kitu kile kile ambacho kikomo kinapima.

Hadi leo taji hilo liko katika rekodi zao, na la 2018 pia, ambalo pia walitushinda sisi kulitwaa, ingawa ziada ya msimu huo ilikuwa chini ya pauni 100,000. Hapa Waaustralia walionyesha uthabiti zaidi. Aprili 2010 ligi yao ya raga ya wachezaji 13 iligundua kwamba Melbourne Storm ilikuwa na seti mbili za mikataba: moja ya kuonyesha ligi, nyingine iliyoahidi wachezaji malipo ya ziada. Ilipokonywa mataji ya 2007 na 2009, ikarudisha fedha za zawadi, ikalazimishwa kucheza sehemu iliyobaki ya msimu bila kupata alama hata moja. Mataji yale hayakukabidhiwa mtu mwingine. Nafasi ya bingwa ikaachwa wazi, na naona hiyo ndiyo haki, kwa sababu hakuna anayejua nani angeshinda.

Kuna watakaouliza kama nataka mchezaji asitangaze viatu. Atangaze! Kampuni isiyo na uhusiano wowote na klabu ikimlipa kwa sababu sura yake inauza bidhaa, hizo ni zake, wala kikomo hakizihusu. Shaka huanza pale anayelipa anapokuwa mwenye klabu, jamaa yake, mfadhili wa klabu au kampuni aliyowekeza fedha zake. Ndiyo sababu nafuatilia suala la Kawhi Leonard wa Los Angeles Clippers katika mpira wa vikapu wa Marekani. Mwaka 2025 ziliibuka tuhuma kwamba kampuni ya Aspiration ilimwahidi dola milioni 28 za matangazo ambayo hakuonekana kuyafanya, na mwenye klabu, Steve Ballmer, alikuwa amewekeza dola milioni 50 katika kampuni hiyo. Klabu imekanusha kuvunja kanuni, nami simhukumu mtu kwa tuhuma. Lakini maswali ni yale yale niliyouliza kuhusu nyumba za Wray na wachezaji wake: ni kazi gani ilifanywa, na je, kampuni isiyo na uhusiano na klabu ingeilipia kiasi hicho?

Kwa maoni yangu mambo mawili yangetosha. La kwanza, fedha yoyote itokayo kwa mtu mwenye uhusiano na klabu ihesabiwe kuwa mshahara hadi klabu ithibitishe vinginevyo, na uthibitisho utolewe kabla ya mchezaji kuingia uwanjani, si miaka mitatu baadaye baada ya waandishi wa habari kuchimbua. La pili, klabu ikipatikana imevuka kikomo katika msimu iliotwaa taji, taji hilo lifutwe. Faini haimtishi bilionea.

Vijana wetu kutoka Nairobi na Kakamega wanaota mikataba ya Ulaya. Atakayefika huko, uwezekano mkubwa ni kwamba atakuwa mchezaji wa 30 katika kikosi, sio nyota wa kuingia ubia na mwenye klabu. Ni nafasi ya huyo ninayoitetea. Na ningeomba waandishi wenu wa spoti, wanaporipoti kwamba klabu fulani ya raga imebaki na nyota wake wote mwaka wa tatu mfululizo, watuambie pia ni nani anayewalipa na kwa kazi gani.

Mhasibu na shabiki wa raga,
Exeter, Uingereza