Barua kwa binti yangu: hiyo sanamu usiivunje

Mama, habari za huko chuo. Huku hatujambo, mama yako anakusalimia na mdogo wako kashapona ile malaria. Nimesoma meseji yako ya jana usiku, unasema unataka kuiponda ile sanamu ya udongo kabla haijachomwa afu ufinyange mwanamke kabeba mtungi, kisa shangazi yako kaona picha kwenye grupu la familia akasema unaita mapepo. Nakuomba usiivunje. Nimeamua kuandika maana kwenye simu utanikatiza.

Nimeikuza ile picha nikaitazama sana. Mwanamke kakaa, mikono kaipanga vizuri magotini, uso umetulia kama mtu anayesikiliza hotuba, afu tumboni kuna uwazi na humo ndani kuna uso mwingine, mdomo wazi, meno yote nje. Shangazi yako kaona pepo. Mimi nimeona msiba wa bibi yako. Siku ile ulikaa hivohivo mikono magotini, ukagawa chai, ukaosha vyombo, watu wakakusifia binti huyu jasiri, na toka pale hujamtaja bibi mbele yangu ata mara moja. Sikukuuliza, kila mtu ana wakati wake wa kulia. Sasa nimeona kilio kilipokwenda kujificha na nimefurahi mwanangu, kimepata pa kutokea.

Na hilo ulilofanya lina wazee wake. Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Mueda kule Msumbiji wakaja kwenye mashamba ya mkonge walikuwa wanawachongea wateja vile tunavyoviita binadamu, mzee na mkongojo wake, mama na mtoto mgongoni, vinavutia na vinauzika. Afu mwishoni mwa miaka ya 1950 hapa Dar akatokea Samaki Likankoa akaanza kuchonga mashetani, ndo vile vinyago vya viumbe wa ajabu. Hadithi yake inasimuliwa tofauti tofauti, niliyoikuta mimi ni kwamba kinyago cha binadamu kilimvunjika mkono, badala ya kukitupa akakigeuza kiumbe kisichofanana na mtu yeyote, na mfanyabiashara wa vinyago Mohamed Peera alipokiona akamwambia chonga vingine. Wenzake wakafuata. Yupo John Fundi, mashetani yake yalifika Paris mwaka 1989 kwenye maonyesho makubwa ya wasanii wa dunia nzima. Yupo George Lilanga, alianza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, akaishia kujulikana Ulaya na Japani kwa wale watu wake wa masikio makubwa na matumbo mbele, alifariki 2005.

We umekulia kwenye vumbi la mpingo, unajua kipande kilichonyooka tunakitengea binadamu, na kile kilichopinda chenye ufa na tundu, ambacho ule weupe wa nje umeingiliana na weusi wa ndani, ndo kinangoja shetani. Hukilazimishi. Unakigeuza, unakiweka chini, unakunywa chai, unakirudia, mpaka uone jicho liko wapi, afu ndo unashika tezo. Kinatoka kiumbe jicho moja, mdomo unatafuna mkono wake mwenyewe, titi limekuwa mguu, na mteja anacheka kwanza afu ananyamaza. Ananyamaza kwa sababu kajiona. Mtu hawezi kukaa sebuleni akawaambia wageni namwonea wivu ndugu yangu mpaka silali, au namtamani nisiyetakiwa kumtamani, au nina hasira na marehemu kwa kuniacha. Mdomoni havitoki hivyo vitu. Kwenye mti vinatoka, na kwenye udongo vinatoka, na mimi naamini mtu asipovitoa vinamla.

Shangazi yako usibishane nae, anakupenda na anakuogopea. Lakini siku akiwa na raha muulize habari za mapiko, ile ngoma yetu ya vinyago vya kuvaa, wakati wa sherehe za jando kule kijijini, mchezaji kafunikwa mwili mzima na kichwa cha mti usoni na haruhusiwi mtu kujua ni nani. Watoto na wanawake walikuwa wanakimbia wanapiga kelele, afu wanarudi kuchungulia. Yeye alikuwa wa kwanza kurudi.

Unasema pia kuchonga ni kazi ya wanaume na we unafinyanga tu. Mtafute Reinata Sadimba, Mmakonde wa Mueda, kazaliwa 1945, alianza na vyungu kama wanawake wote wa kwetu, baadae udongo uleule ukaanza kutoa watu wa ajabu, mwili umeota vichwa vingine, mtu anamzaa mtu. Aliishi hapa Tanzania toka 1980 mpaka 1992 ndo akarudi Msumbiji. Angalia hizo nyuso, hakuna ata moja inayoomba kupendwa. Mwanamke na mtungi wanafinyanga wengi na sina ubaya nae, ila yule wa kwako ni we peke yako unayemjua.

Haya, kazi sasa. Hicho kiuno naona kinene, kama ndani hujakomba ikakauka nje tu itapasukia kwenye tanuri, sasa komba kwa nyuma ukuta ulingane pande zote, na utoboe tundu chini ya makalio hewa itoke. Usiianike juani, ifunike na nailoni ikauke taratibu, usimsikilize anayekuharakisha. Yale meno usiyapige msasa mama, yaache na alama za vidole vyako. Ikishatoka kwenye moto usiitume kwa basi, nitakuja kuichukua mwenyewe, na kuhusu hela ya tanuri niambie ni ngapi nikutumie kesho asubuhi kabla sijaenda Mwenge kwenye soko la vinyago.

Baba yako