Barua ya wazi kwa wifi yangu wa Wete

Wifi yangu mpenzi, assalamu alaykum.

Nimefika Unguja salama, ila moyo umebaki kwenu, kwa lile uliloniambia tukiagana: kwamba mwalimu wa chuo cha Kurani anamlalamikia mwanetu kuwa ni mzito wa kushika, na jirani akadakia, "Si unene huo!" Kauli ile imenichoma.

Ni kweli watafiti wa nchi mbalimbali wameona kwamba watoto walionenepa kupita kiasi, kwa wastani, hupata alama za chini kidogo katika vipimo vya umakini, kumbukumbu na uwezo wa kujizuia. Lakini mambo mawili kuandamana si lazima moja limzae mwenzake, kwa sababu mtoto ambaye tangu awali hujizuia kwa shida naye ni mwepesi wa kula kupita kiasi. Wala wastani wa maelfu ya watoto haumhukumu mmoja.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni usingizi wake. Usiku ule nilipolala naye alikoroma mdomo wazi, shingo ameipinda nyuma. Mara pumzi ikakatika, nikahesabu mpaka saba, ndipo akagutuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Alfajiri mto ulikuwa umerowa jasho, na chuoni akasinzia juu ya juzuu yake. Unene, hasa ukikutana na mafindofindo yaliyovimba, huibana njia ya hewa, na mtoto anayekatizwa usingizi usiku kucha hawezi kushika vyema anachosomeshwa mchana. Hilo lina tiba, wifi. Daktari amtazame koo, ampime uzito kwa kulinganisha na kimo, na damu pia, maana mtoto mnene naye huweza kupungukiwa na madini ya chuma, ambayo ubongo unayahitaji sana.

Chakula usimnyime, bado anakua. Ila ile soda ya kila adhuhuri, yenye sukari ya vijiko vya chai karibu 9, mpe maji badala yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 4 kama yeye ajishughulishe kwa mwili angalau dakika 180 kwa siku, na simu isizidi saa moja. Mwache akimbie uwani na wenzake.

Na neno "bonge" lisisikike tena nyumba ile, hata kwa utani wa babu yake. Nitavuka kwa boti wiki ijayo, twende naye hospitali pamoja.